Uhuni Wetu wa Kila Jumamosi

Nikisikia mtu akisifu kwamba vijana wa enzi zetu tulikuwa na adabu, hasira hunipanda upya. Adabu tulikuwa nayo, na haikutusaidia kitu. Mimi nilifukuzwa chuo wiki mbili kwa kosa la kunywa chai, na barua niliyopewa kumpelekea baba ilikuwa na neno "uhuni" mara tatu. Nililihesabu ndani ya basi, njia nzima hadi kwetu Rutamba.

Chuo chetu cha ualimu kilikuwa kilimani, nje kidogo ya mji wa Lindi. Ilikuwa miaka ya ujamaa, na siku yetu ilianza kwa mchakamchaka na kuishia kwa mkutano. Hata Jumamosi asubuhi tulilima shamba la mihogo la chuo. Kuanzia saa nane mchana ndipo tulipopewa ruhusa ya kutoka, tuwe tumerudi kabla ya magharibi. Wenye mpira walikwenda uwanjani, wengine walizunguka sokoni. Aliyetaka kubaki alikaa bwaloni, mahali ambapo wasichana walikuwa na benchi zao na wavulana zao, na redio moja isiyosikika.

Sisi tulikuwa saba, wasichana watatu na wavulana wanne, na tulikuwa tukienda Mtanda, mtaa mmoja wa mji. Kulikuwa na mjane mmoja aliyefanya mgahawa barazani kwake. Marehemu mumewe alikuwa mnyapara katika shamba la mkonge, akamwachia nyumba ya bati na santuri ya kuzungusha kwa mkono. Mama huyo alipika chai ya tangawizi iliyokukwaruza koo, na msimu ukifika alichemsha ming'oko, ile mizizi ya porini ambayo kwetu hatuoni haya kuila hadharani, akaweka na chumvi na pilipili ya kusaga. Tuliokulia bara ya Lindi tulikuwa tukiiota hiyo ming'oko darasani.

Pale hatukuwa na benchi la wasichana. Tulikaa tulivyofika. Tulibishana kuhusu vijiji vya ujamaa, kuhusu mahari, kuhusu kama kweli mwalimu anaweza kufundisha bila kiboko. Mvulana mmoja kutoka milima ya Kilwa, Mkatoliki, mrefu kama nguzo, alituchekesha kwa kuiga lafudhi ya kila mmoja wetu, Mmwera, Mmakonde, Mmachinga, kisha akaiga Kimatumbi chake mwenyewe tukacheka zaidi. Santuri ikipigwa, wawili watatu waliinuka kucheza, na mama mwenyewe akatikisa mabega huku ameshika birika. Hayo ndiyo yote tuliyoyafanya. Hapakuwa na pombe. Nyumba ile ilikuwa ya mtu anayeswali swala tano.

Siku moja mama alitoa bahasha ndani ya kanga. Mwanawe aliyekuwa akifanya kazi Tanga alikuwa amemwandikia, akaniomba nimsomee. Nilisoma. Ndani mlikuwa na maneno ya mke kumkimbia mume, mambo ya aibu ya nyumbani, na wateja wote wakanyamaza ili wasikie. Nilipomaliza, mama aliikunja ile barua polepole.

"Nimechoka," alisema. "Mambo yangu yote nayasikia kwa vinywa vya watu. Ninyi si mnasomea ualimu? Basi nifundisheni."

Tulianza Jumamosi iliyofuata. Tuliokota vipande vya chaki vilivyotupwa chini ya ubao darasani, vidogo kama kucha, tukaandika nyuma ya mlango wake wa mbao. Alikuwa mbishi kufundishwa. Akikosea anasema chaki mbaya. Lakini baada ya mwezi aliandika jina lake, akatoka nje kuwaita majirani waje kuliona. Majirani wakaja, na wakakaa. Walifika kumi na mmoja, wake kwa waume, mwuza samaki mmoja akiwa na mizani yake mapajani. Chai ikawa inapoa tukifundisha. Hakuna aliyetutuma. Hatukumwambia mwalimu yeyote, maana hatukudhani kwamba kuna la kuombea ruhusa.

Walituingilia Jumamosi moja alasiri. Nilikuwa mlangoni nikiandika silabi ya "nywa". Nikasikia viatu. Alikuwa mwalimu wetu wa nidhamu, na pamoja naye bwana mmoja wa mjini, mnene, mwenye suti ya mikono mifupi, ambaye tulijua tu kwamba watu walimwogopa.

"Mwenye danguro hili ni nani?" aliuliza yule bwana.

Mama alikuwa anapepea jiko. Aliinuka taratibu. "Hapa ni mgahawa, bwana. Karibuni chai."

"Wanafunzi wa kike na wa kiume wamelaliana kwenye mikeka, unaniambia mgahawa?"

Waliokaa kwenye mkeka walikuwa watu wazima, madaftari magotini. Mmoja alikuwa bibi wa miaka kama sitini. Mwalimu wa nidhamu aliwaona, naapa aliwaona, na aliyaona maandishi mlangoni. Akanisogelea, akanifungua kiganja.

"Chaki hii ya nani?"

"Tuliokota, mwalimu."

"Ni mali ya umma. Umeiba mali ya umma ukaileta kwenye nyumba ya uhuni."

Nilitazama kile kipande mkononi mwangu. Hakikutosha hata kuandika herufi tatu. Nilitaka kucheka, na wakati huohuo nilitaka kumrushia usoni. Sikufanya lolote.

Jumatatu tulisimamishwa mbele ya gwaride. Hukumu ilisomwa. Wavulana wanne waandike barua za kuomba radhi. Wasichana watatu warudi makwao wiki mbili, na warejee na wazazi. Nilimtazama yule mrefu wa Kilwa. Yeye ndiye aliyekuwa akifundisha hesabu pale barazani, na yeye ndiye aliyetuzoesha kwenda Mtanda. Aliinua mkono. Alisema, "Ndugu Mkuu, na sisi tulikuwa..." Mkuu akamwambia, "Shusha mkono." Akaushusha. Nilimsamehe baadaye sana, na kusema kweli sijui kama nilimaliza kumsamehe.

Baba alikuwa mkulima wa korosho, mtu wa maneno machache. Nilimsomea barua mwenyewe kwa sababu hakujua kusoma, na nilipofika kwenye "uhuni" sikuruka. Alisikiliza hadi mwisho.

"Ulikuwa unafanya nini huko?" aliuliza.

"Nafundisha watu kusoma, baba. Na kunywa chai."

Alichukua barua mkononi mwangu, akaitia mfukoni. Mama yangu ndiye aliyelia, kwa sababu majirani walikwisha kuuliza mbona niko nyumbani na si likizo. Kijiji hakihitaji barua. Kabla wiki haijaisha shangazi mmoja alikuja kunitazama tumbo.

Siku ya kurudi, baba alivaa kanzu yake ya Idi. Tuliingia ofisini kwa Mkuu wa chuo. Mkuu yule angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho. Kwetu mdogo ndiye anayemwamkia mkubwa, hilo mtoto wa miaka minne analijua. Mkuu alikaa kimya akifungua mafaili. Ndipo nikamsikia baba yangu, mwenye mvi, akisema, "Shikamoo, bwana mkubwa."

"Marahaba," Mkuu alijibu, wala hakuinua macho.

Nimefundisha miaka mingi, nimeona mengi ya kuudhi, lakini hilo "marahaba" sijaona la kufanana nalo. Nchi ilikuwa imejitawala. Kila asubuhi tulikuwa tukiimba kwamba binadamu wote ni sawa. Na baba yangu akamwamkia kijana aliyekaa kwenye kiti, kama alivyowaamkia mabwana wa zamani, ili mimi nipate kurudi darasani.

Mkuu alisema maneno mengi. Baba akaomba radhi kwa kosa ambalo hakuelewa. Mwisho aliuliza jambo moja tu.

"Hao wavulana, wazazi wao nao watakuja?"

"Suala la wavulana ni tofauti, mzee."

"Sawa," alisema baba.

Nikamsindikiza hadi kituo cha basi. Alipopanda alinipa fundo la korosho za kukaanga kwenye kitambaa, akaniambia nigawane na wale wenzangu wawili. Mmoja wao hakurudi tena. Wazazi wake walimwoza.

Mgahawa ulifungwa. Yule mama aliambiwa kwamba mtu asiye na kazi ya kuzalisha hana haja ya kukaa mjini, aende kijijini akalime pamoja na wenzake. Alikuwa na kaka yake katika kijiji cha Tingi, huko Kilwa, akaenda kwake. Sikumuaga. Tulikuwa tumekatazwa kukanyaga Mtanda, na nilitii.

Ukafika mwisho wa mafunzo. Mgeni rasmi alikuwa anakuja, na mimi nikachaguliwa kusoma risala ya wanachuo kwa kuwa sauti yangu ilikuwa nzuri. Risala yenyewe ilikuwa imekwisha kuandikwa ofisini. Nilipewa asubuhi hiyo hiyo. Nikaipitia haraka, nikakuta sentensi hii: kwamba chini ya uongozi wa Mkuu wetu, wanachuo wamejitolea kuwafundisha kusoma na kuandika watu wazima kumi na mmoja wa Mtanda.

Kumi na mmoja. Waliwahesabu wanafunzi wetu vizuri siku ile ya mikeka.

Nilisimama mbele ya watu nikasoma ukurasa wa kwanza kama nilivyotakiwa. Nilipofika kwenye sentensi ile nikaisoma yote, kisha nikaongeza ya kwangu. "Kazi hiyo ilifanyika katika mgahawa wa mama mmoja. Mgahawa ukafungwa, mama akahamishwa, na wasichana waliofundisha wakafukuzwa kwa uhuni. Mmoja wao hayupo hapa leo."

Sauti yangu haikutetemeka. Nilitazama meza kuu. Mgeni rasmi alikuwa akimnong'oneza jirani yake. Akaona nimenyamaza, akadhani nimemaliza, akapiga makofi. Watu wote wakapiga makofi. Ni Mkuu peke yake ambaye mikono yake ilibaki juu ya meza.

Cheti changu kilichelewa karibu mwaka mzima. Kila nilipouliza niliambiwa kinatafutwa.

Nilipokipata na kupangiwa shule, likizo ya kwanza nilikwenda Tingi. Nilijiona nakwenda kutoa habari njema. Nilimkuta yule mama shambani, amekonda, jembe mkononi. Nikamwamkia, akaitikia. Nikamsimulia habari ya risala, kila neno, nikingoja anishukuru.

Alinisikiliza huku akiendelea kupalilia.

"Wakati ule wanaita nyumba yangu danguro," alisema, "mlikuwa saba. Mnajua kusema, mnajua kuandika. Nani kati yenu alifungua mdomo?"

"Tuliogopa, mama."

"Mimi sikuogopa? Nilikaribisha chai." Aling'oa gugu, akalikung'uta udongo. "Ukasema baadaye, kwa watu wanaopiga makofi, ambako mimi sipo. Ahsante. Lakini usije hapa kunipa kama zawadi."

Nilivua viatu, nikaomba jembe la pili. Akanionyesha lilipo kwa kidevu, nikaanza mstari wa pembeni yake. Tulilima mpaka jua likatuzidi, na hakuniambia neno lingine zaidi ya kunionya nisikate miche ya mtama.