Askari Aliyeishia Kiunoni

Mimi ni mfupi. Nasema mapema nisije nikalaumiwa. Nilipokwenda kwenye usaili wa uaskari walinisimamisha ukutani, wakatazama alama ya urefu, wakaniambia nirudi nyumbani. Nilirudi Chang'ombe macho yamevimba. Baba alinitazama, akachukua tezo yake, akaenda bandani kuchonga. Hakusema neno, na kimya chake kiliniuma kuliko ule ukuta. Nilidhani ananionea aibu.

Miaka ikapita. Nikapata kazi ya mapokezi kwenye karakana ya magari, na Jumapili nikawa nacheza na rafiki zangu mchezo wa mezani. Kila mtu anabuni shujaa wake, mmoja wetu anasimulia hadithi, na dadu ndizo zinazoamua nani apone vitani. Mimi nilichagua askari wa kabila la watu wafupi wa hadithini. Jina lao la Kiswahili hatukuwa nalo, basi tukawaita nusu mtu. Wenzangu walikuwa na visanamu vya plastiki vya kusogeza mezani. Mimi, mtoto wa mchonga mpingo, niweke kizibo cha soda?

"Baba, nichongee askari," nilimwomba. "Ni nusu mtu, ana ngao na mkuki."

"Nusu mtu?"

"Ndiyo, nusu mtu."

Wiki iliyofuata akanikabidhi askari mzuri ajabu: kovu shavuni, ngao, mkuki, hadi kucha za vidole zinaonekana. Lakini aliishia kiunoni. Chini ya mkanda hakuna kitu. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Baba hakucheka. "Si ulisema nusu?"

Nikamweleza kuwa huyo askari ni mzima, hajakatwa popote. "Ni mfupi tu, baba. Kama mie."

Akaninyang'anya ile sanamu.

"Nani kakwambia mfupi ni nusu?" Sauti yake ilikuwa kali, kisha ikalegea. "Mie sijazaa nusu mtu. Siku ile waliyokurudisha nilitaka kukwambia hivyohivyo, mwanangu, mdomo ukawa mzito."

Nililia mbele yake, mtu mzima mimi, na vumbi la mpingo likanigandia usoni. Baba akanipangusa kwa kanga aliyokuwa anafungia patasi zake.

Akachonga mwingine, safari hii na miguu yake yote miwili, mipana, imekanyaga chini barabara. Jumapili nikamsimamisha mezani kati ya visanamu vya plastiki. Msimulizi wetu akainama, akatazama, akalisogeza jitu lake la plastiki karibu na askari wangu ili awalinganishe.

"Sista, huyu ndo mfupi wako? Mbona jitu langu linamfika kiunoni?"

"Ndo huyohuyo," nikamjibu. "Huyu kapimwa na baba."