Siwema Hakutoka Nje

Tunu binti Abasi bin Mahona bin Ngollo. Ngollo alikuwa kirangozi, mtu wa mbele ya msafara, aliyeongoza wapagazi kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo na kuwarudisha, na hakuna aliyethubutu kumpita njiani. Pwani alipeleka pembe za ndovu za watu, akarudi na dini yake mwenyewe. Mahona, mwanawe, hakuuchagua mzigo wake: vita ya Mjerumani ilimkuta shambani Kigwa, akakamatwa, akatwishwa sanduku la risasi, akafia safarini, na kaburi lake halijulikani. Abasi alikuwa ananyonya wakati huo. Alikua, akapiga nyundo kwenye karakana ya reli mpaka masikio yakaziba. Na Tunu, aliyesoma mpaka darasa la nne, ndiye anayeosha maiti za wanawake wa Ipuli na kuwakalisha wajane eda.

Mjane aliyekalishwa eda na Tunu amekalishwa. Hatoki, hajipambi, na mwanaume asiye maharimu wake, yaani ndugu asiyeweza kumwoa, haoni hata kisigino. Sasa mtu wa namna hiyo mchukulie bibi yake mzaa baba, umtie barabarani akiwapigia askari vigelegele, halafu umwite aje aone.

Aliyemwita ni mjukuu wake, Shamila, tena kwa nia njema. Shamila anakaa mapokezi katika nyumba ya wageni ya Nasri, karibu na stesheni. Nasri alikuwa amemwagiza mchoraji kutoka Urambo, kijana anayeitwa Wilbroad, amchoree ukuta mzima wa ukumbi wa chakula siku ile Wabelgiji walipoingia Tabora baada ya Mjerumani kukimbia. Wilbroad akachora askari, tarumbeta, bendera na ofisa juu ya farasi. Akasema amekosa sura ya mwanamke wa enzi zile. Shamila akaenda nyumbani, akaitoa kwenye fremu picha pekee ya Siwema, mke wa Mahona. Aliona anamheshimu.

Siku ya karamu ya kuzindua mchoro alimleta bibi yake kwa bajaji na kumkalisha mbele. Pazia likavutwa.

Askari walipita safu kwa safu. Kando ya barabara watu walishangilia. Na mbele ya wote, chini pale ambapo jicho linaangukia, alisimama mwanamke mwenye kanga nyekundu, kinywa wazi, mikono yote miwili juu. Mwanya ulikuwa wa Siwema. Kovu la kwenye nyusi lilikuwa lake.

"Umemwona, Bibi?" Shamila alinong'ona.

"Nimemwona. Nani kamtoa nje?"

Shamila alidhani ni utani, maana bibi yake humtania mchana kutwa na kumwita mke mwenza. Alipomgeukia akakuta midomo imebana.

Habari za kifo cha Mahona zilikuwa zimefika juma lile lile jeshi lilipoingia. Siwema alikuwa ndani, amevaa nyeupe, mtoto mgongoni. Mnyapara wa mtaa akapita na fimbo yake akiijaza barabara watu, akisema wakubwa wapya wanataka kelele. Siwema akashika mwimo wa mlango. Mnyapara akamvuta mkono wa kulia, akavuta, mpaka bega likachomoka, na Siwema hakuachia. Yule bwana akamwacha chini, akaenda nyumba ya pili. Bega lilipona vibaya. Tangu siku ile mkono ule haukupita sikio. Alisukwa na wengine, alianika nguo kwa mkono wa kushoto, na Tunu alipokuwa msichana ndiye aliyekuwa akimshushia mtungi. Alipofariki, maiti yake ndiyo ya kwanza Tunu kuiosha. Hata pale mkono ulikataa kunyooka.

Na ukutani uko juu, umenyooka kama mlingoti wa bendera.

Wilbroad alikuja akifuta rangi mikononi, uso unacheka. "Shikamoo, Bibi. Mimi ndiye niliyemchora."

Tunu hakuitikia. Watu wa meza ya karibu waliacha kutafuna.

"Hiyo shikamoo yako iweke," alisema. "Nitaiitikia ukishamrudisha ndani."

Nasri alisogea, mkono kifuani. "Bi Tunu, huyu ndiye anayeipa picha uhai. Ukimtoa yeye wanabaki askari na farasi. Wageni watapenda kupiga picha naye."

"Na mjane wa eda."

"Mama yangu, miaka zaidi ya mia imepita."

"Kwako imepita. Huyo hapo ukutani mume wake kafa juma hili."

Nasri akacheka kidogo, akijaribu kuwavuta wengine wacheke naye. "Basi tumpe haki yake. Tutaandika jina chini, kwa rangi ya dhahabu. Siwema, akiwakaribisha washindi."

Hapo Tunu alisimama. Kwenye kikapu chake haikosi bafta nyeupe ya sanda, kwa kuwa mwosha hajui ataitwa saa ngapi. Akaikunjua palepale, juu ya sahani za pilau, akampa Shamila pindo moja. Shamila akamtazama tajiri wake, akautazama mkono wa bibi yake ukisubiri, akashika. Wakaifunga kwenye misumari ya taa. Yule mwanamke mwenye kanga nyekundu akapotea nyuma ya kitambaa, na jeshi lote likabaki linapiga gwaride mbele ya shuka.

"Nimemkalisha eda," Tunu alisema. "Kama maharimu wake yumo humu, aje amfunue. Mama yako, Nasri, nilimkalisha mimi. Kamwulize kama niliwahi kumtoa mapema kwa ajili ya wageni."

Mzee mmoja wa msikitini aligeuza kiti chake taratibu, akaipa picha kisogo, akaendelea na pilau.

"Mimi Mkatoliki, Bibi," Wilbroad alisema. "Mambo ya eda sikuyajua."

"Sasa umeyajua. Chora mlango. Uchore umefungwa."

Nasri hakuwa mjinga. "Shamila ni mwanamke," alisema, "tena ni damu yake. Yeye anaruhusiwa. Shamila, ifunue."

Ukumbi ukamgeukia msichana. Kazi ile ndiyo iliyokuwa ikilipa kodi ya chumba chake, na bibi yake alijua hivyo. Hakumsaidia hata kwa kukohoa.

"Bosi," Shamila alisema, "eda haijaisha."

Jikoni mtu alicheka, akazibwa mdomo. Nasri akakaa. "Tutaongea kesho," alisema, lakini shuka hakuigusa.

Nje, kabla ya kupanda bajaji, Tunu alimkabidhi Shamila kikapu kizima, na kipande cha bafta kilichobaki.

"Wewe ndiye uliyempeleka, mke mwenzangu, wewe ndiye utakayemlinda. Shuka ikichafuka, ning'iniza hii, ile uifue. Wakikufukuza kazi, ingia kama mteja, agiza chai, ukae mkabala naye. Na yule kijana akimaliza mlango wake usiniite mimi, macho yangu hayaaminiki tena. Kagua mwenyewe. Ukiona hata ncha ya kidole imetokeza, mfunike tena."