Jedwali la Sura ya Nne

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ufunguo, rimu mbili za karatasi na mashine ya kurudufu iliyovuja wino. Ofisi ilikuwa Moshi mjini, ghorofani, juu ya duka la vitambaa la familia moja ya Kihindi. Idara yetu ya chuo kikuu ilikuwa imeikodi kwa ajili ya utafiti. Nilikuwa mhadhiri msaidizi, cheo cha chini kabisa cha mwalimu wa chuo kikuu: unafundisha kidogo, unasoma sana, na kila mtu anangoja upate udaktari ndipo akusalimie vizuri. Mkuu wa Idara alikuja na Land Rover kunikabidhi ofisi. Aliitazama suti yangu mpya, akaridhika.

"Wewe ni mtoto wa hapa," aliniambia. "Wataalamu wa kutoka nje wanadanganywa. Wewe watakuambia ukweli."

Nikaamini. Ninyi mnaoandika tasnifu siku hizi mtanicheka, lakini maneno yale yalinivuruga kichwa kwa miaka yote ya kazi, na sina hakika kama hadi leo kimetulia.

Udaktari wa wakati ule haukuwa na darasa. Ulikuwa na swali lako, msimamizi wako, na ufadhili wa miaka mitatu, ukiisha, umeisha. Msimamizi wangu alikuwa Profesa mgeni, mtu mpole aliyependa tarakimu kuliko chai. Swali langu lilihusu chakula. Kwenye vihamba vya Old Moshi, yaani yale mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba, kaya hukata mikungu mingapi ya ndizi kwa mwezi, na ni miezi gani chakula hupungua? Niliandaa dodoso, ile karatasi ya maswali ambayo kila mtu huulizwa vilevile, nikachagua sampuli, maana yake kaya chache za kusimama badala ya zote, nikapanda mlima.

Nilipokewa vizuri mno. Kiti kinatolewa uani, mbege, ile pombe yetu ya ndizi, inaletwa, baba mwenye nyumba anakaa mbele yangu kujibu, na mama anasimama kando na kata ya kuchotea mkononi. Nilianzia kwa baba yangu mzazi, ili nizoee. Nikamwuliza kwa Kiswahili, kama dodoso lilivyoandikwa, ingawa tangu nizaliwe tulizungumza Kichagga tu.

"Kuna miezi ambayo chakula hupungua hapa?"

"Hapa hatujawahi kulala njaa," alisema baba. "Andika hivyo."

Mama akainamisha macho kwenye kata. Nikaandika hivyo.

Sasa nieleweni. Mtoto yeyote aliyekulia kwetu anajua kwamba kahawa ni ya baba na ndizi ni za mama. Baba hakati mkungu wa kula, hapeleki ndizi sokoni, wala hajui umebaki upi. Nilijua hilo kabla sijajua kusoma. Lakini katika nyumba zote nilizoingia sikumwuliza mwanamke hata mmoja. Dodoso lilisema aulizwe mkuu wa kaya, nami nikamtafuta mkuu wa kaya. Shule ilikuwa imenifanya nini, sijui.

Majibu yakawa jedwali katika sura ya nne ya tasnifu yangu. Lilionyesha kwamba mgombani hakuna mwezi wa njaa. Profesa Msimamizi alilisoma akiwa amesimama.

"Safi sana," alisema. "Ni nadra watu kukubaliana namna hii."

Ilikuwa imebaki kama miezi miwili kabla ya utetezi, siku ambayo watahini hukukalisha na kukuhoji juu ya ulichoandika. Nikapanda kwenda kusalimia nyumbani. Njiani nikamkuta mama anapanda mlima na gunia la mahindi kichwani, yeye na majirani zake watatu, wamejaa vumbi hadi kope.

"Shikamoo mama. Mnatoka wapi?"

"Marahaba. Chekereni, kule chini tambarare, kutafuta mahindi. Tumepeleka ndizi chache na magimbi, tumebadilishana."

"Kwa nini? Si baba alisema hapa hamkosi chakula?"

"Baba yako alikuwa anaongea na mgeni."

"Mgeni gani? Mimi?"

"Ulikuja na suti na karatasi, Eliamani. Ulitaka nimwaibishe mume wangu mbele ya Serikali?"

"Ungeniambia baadaye, basi."

"Hukuniuliza."

Nilimpokea gunia. Mama akanieleza, tukiwa tunatembea, kwamba kila mwaka, kabla mikungu mipya haijakomaa, wanawake hushuka porini, kama tunavyoziita tambarare za chini ya mlima, kutafuta mahindi. Nikakumbuka zile safari za utotoni ambazo tuliambiwa mama amekwenda kumwona shangazi. Tulikula yale mahindi. Hatukuuliza yametoka wapi, na baba naye hakuuliza, au aliuliza akanyamaza. Hilo sikulijua kamwe.

Nilimwendea Profesa nikamweleza yote. Alivua miwani.

"Unaweza kurudia kazi yote bila ufadhili," alisema. "Au unaweza kuandika mwishoni kwamba utafiti zaidi unahitajika."

Niliandika kwamba utafiti zaidi unahitajika. Nikapata udaktari. Baba akachinja mbuzi, mama akapika machalari ya ndizi na nyama, na mimi nikala nikiwa sijui ninashangilia nini.

Kisha ukaja mwaka wa ukame. Unga wa njano wa msaada, ule tuliouita yanga, uligawiwa kata kwa kata, na kata yetu haikuwa kwenye orodha. Mkuu wa Idara alinichukua hadi ofisi ya Serikali mjini kumsalimia Ofisa aliyehusika na ugawaji. Mezani kwake niliiona tasnifu yangu, imewekewa kipande cha karatasi kwenye sura ya nne.

"Daktari, umeturahisishia kazi," Ofisa aliniambia. "Watu wa mgombani hawana shida. Umethibitisha mwenyewe."

Mkuu wa Idara alikuwa amekaa kando yangu, na barua ya kunipandisha cheo ilikuwa inasubiri sahihi yake. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilisema, "Ahsante." Niliona haya wakati uleule, nikiwa bado nimekaa kwenye kiti.

Yanga haikufika kwetu. Baadaye wengine waliniambia lori lilikosa vipuri, wengine wakasema orodha ilipangwa zamani, kabla hata tasnifu haijafungwa jalada. Nimeuliza kwa miaka mingi, sijapata jibu linalosimama. Ninachojua ni kwamba mwaka ule mama alishuka Chekereni mpaka magoti yakavimba.

Nikachuma jani la isale, lile ambalo kwetu ukimpelekea mtu uliyemkosea hana njia ya kukukatalia msamaha, nikampelekea mama. Alilipokea kwa mikono miwili.

"Mimi nimekusamehe," alisema. "Kawaambie na hao waliokuamini."

Niliandika barua ya kurasa sita kwa Mkuu wa Idara, nikaomba jedwali lisahihishwe. Aliniita.

"Shahada ikishatolewa haifanyiwi marekebisho," alisema. "Unataka watuulize tulitahini nini?" Akaiweka barua kwenye faili, na mimi nikaendelea na kazi: mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki. Kila ngazi niliipanda nikiwa nimekanyaga jedwali lile, na kila mwaka niliwafundisha wanafunzi namna ya kuuliza maswali.

Sasa nimestaafu, niko kwenye kihamba cha baba. Juzi alikuja binti mmoja anayesomea udaktari. Aliniamkia kwa adabu, akaniambia utafiti wake umesimama juu ya sura yangu ya nne. Nilijiandaa kumweleza ukweli, nikayapanga maneno. Lakini kabla sijaanza akafungua karatasi zake na kusema angependa kwanza kunihoji mimi, kama mkuu wa kaya. Mke wangu alikuwa amesimama kando na birika la chai.

"Profesa, kuna miezi chakula hupungua hapa?"

"Hapa hatujawahi," nikaanza, kwa sauti ya baba yangu kabisa.

Mke wangu akainamisha macho kwenye birika.

Binti alikuwa ameshaanza kuandika. Nikamwomba akate mstari ule, nikainuka, nikamwachia mke wangu kiti. Alisita, akanitazama kama ananiuliza nina maana gani, kisha akakaa. Akazungumza hadi chai ikapoa. Nusu ya aliyoyasema juu ya nyumba yangu nilikuwa siyajui.