Mahali Alipozaliwa Mama Mapacha

Wiki ile ya sensa nilivimba kichwa. Mimi ni mwalimu wa chekechea hapa kijijini kwetu Nyamira, na mwaka mzima wanaonisikiliza ni watoto wa miaka minne, nao pia kwa shida. Ghafla nikapewa koti la kung'aa, beji yenye picha yangu na kishikwambi cha serikali, nikawa natembea boma kwa boma nikiwauliza watu wazima umri wao na idadi ya mbuzi wao. Walinijibu kwa adabu. Mzee wa kijiji, aliyetumwa kunionyesha mipaka, alinitangulia kila langoni akisema, "Fungeni mbwa, karani amefika." Nilipenda sana kuisikia sentensi hiyo.

Kabla ya kuanza kazi tuliapishwa. Tulisimama ukumbini, mkono wa kulia juu, tukaapa kwamba tutakayoambiwa hatutamwambia mtu yeyote. Nadhani mimi ndiye niliyeapa kwa sauti kubwa kuliko wote.

Boma la Mama Mapacha ni la tatu kutoka kwetu. Mumewe ni fundi wa mawe, anafanya kazi Nairobi na kuja mwisho wa mwezi. Yeye mwenyewe ameolewa hapa miaka kumi na mitano. Ekegusii chake, lugha yetu ya hapa, kimenyooka kuliko cha wanangu, kanisani anaimba sauti ya pili, na katika egesangio yetu, yaani kile kikundi cha wanawake wanaochumiana chai kwa zamu, leo shambani kwangu na kesho kwako, hakuna mwenye mkono mwepesi kumshinda. Kwao tulijua ni upande wa Busia. Alisema hivyo siku aliyoletwa, na hakuna kati yetu aliyewahi kuwa na shughuli Busia.

Siku ya tatu ya sensa alinikaribisha jikoni. Mzee alibaki nje akiongea kwa simu. Tukaenda swali baada ya swali, hadi pale pa kuuliza umezaliwa wapi. Kidole changu kilikuwa kimeshaanza kuitafuta Busia.

"Mwalimu," akasema, "hiki kitu kinaenda kwa chifu?"

"Hapana. Kinaenda Nairobi, na huko wanahesabu tu. Mimi nimekula kiapo."

"Hata wanawake wenzetu hutawaambia?"

"Hata mume wangu."

Akaipangusa meza ambayo haikuwa na uchafu wowote.

"Burundi," akasema. "Andika Burundi."

Alitoka huko akiwa na miaka tisa, ameshikwa mkono na shangazi yake. Alikulia kambini Tanzania. Shangazi alipofariki akavuka mpaka, akapata kazi ya nyumba mjini Kisii, kwa familia moja ya wafanyabiashara Waislamu ambao hawakuwa na maswali mengi, na huko ndiko fundi wa mawe alikomkuta. Mume anajua. Sisi wengine alituambia Busia kwa sababu ndilo jina la kwanza lililomjia mdomoni, kisha likamganda.

"Nimechoka nalo," akasema. "Mahali pamoja tu, iandikwe vile ilivyo."

Nikaandika Burundi. Nikatoka, nikaandika namba kwa chaki juu ya mlango wake, naye akanisindikiza hadi langoni na kunipa ndizi mbivu. Nilikwenda zangu nimeguswa moyo, na sisemi hivyo kujipamba.

Siri yake nilikaa nayo siku kumi na moja.

Siku ya kumi na mbili tulikuwa kituo cha kununua majani, tumekalia magunia, lori limechelewa kama kawaida yake. Mama Mapacha alikuwa ameacha majani yake kwa jirani akaenda kumwangalia mtoto mwenye homa. Wanawake wakaanza kuongea juu ya sensa. Mmoja akasema wageni wa nchi za nje wako Nairobi na Mombasa; hapa kwetu, mashamba yamekatwa hadi yakawa kama leso, mgeni aje kufanya nini? Wote wakakubaliana naye. Na mimi nimekaa pale, karani mzima, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuniuliza. Hilo ndilo lililonikera. Ni aibu kuliandika, lakini ndivyo lilivyokuwa.

"Nyinyi hamjui kitu," nikasema. "Hata humu kwenye egesangio yumo mmoja. Na kwao ni mbali kuliko mnavyofikiri."

Sikumtaja. Kwa wiki nyingi nilijitetea kwa neno hilo: sikumtaja. Lakini kikundi kizima tulikuwa wanawake kumi na mmoja, na kumi kati yetu tunajuana hadi kaburi la babu liko upande gani wa boma. Walitazamana tu, wakawa wamemaliza hesabu. Mong'ina mmoja, bibi mzee na mkubwa wa kikundi, akaniuliza polepole, "Na yule mama yake wa Busia, tuliyeambiwa anaumwa, tukamwombea Sabato mbili mfululizo?"

Nikainama kufunga mdomo wa gunia langu. Hilo likawa jibu. Lori likaingia, tukainuka kupanga foleni ya mizani.

Zamu ya Mama Mapacha ilikuwa Jumatatu iliyofuata. Mwenye zamu huwapikia wenzake, naye alikuwa amepika uji wa sufuria kubwa na ndizi za kuchemsha. Hakuna aliyekwenda. Mmoja alituma habari kwamba jino linamuuma, mwingine alikuwa na kliniki, waliobaki hawakujisumbua hata kudanganya. Mimi nilituma mtoto aseme nina kazi shuleni. Shule zilikuwa zimefungwa.

Kutoka jikoni kwangu nilimwona kupitia migombani, kikapu mgongoni, yuko peke yake katikati ya mistari. Mchana wale mapacha walitoka kumsaidia. Hadi jioni hawakuwa wamemaliza hata robo, na wiki iliyofuata majani ya upande wa juu yalikuwa yamekomaa, hayafai kupelekwa popote. Mimi nilikaa jikoni kwangu nikichambua mboga.

Kisha ikafika zamu yangu, Alhamisi. Wanawake tisa walikuja mapema, wakicheka. Nilikuwa nawagawia mistari nilipomwona anashuka kwenye kijia, amefunga aproni yake ya plastiki. Alisalimu. Wakamwitikia wakiangalia majani. Alichukua mstari uliokuwa karibu na wangu, akaanza kuchuma, majani mawili na chipukizi, mawili na chipukizi, mikono yote miwili, kama siku zote.

Jua lilipopanda, na wengine wametutangulia mbele, akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Mwalimu, ulipofika pale pa kuzaliwa, uliandika nini?"

Nilijua anachouliza. Alikuwa amemwambia mtu mmoja tu. Ningeweza kusema: niliandika kama ulivyoniambia, kisha nikakutangaza kituoni kwa sababu nilitaka watu wanisikilize. Maneno hayo nilikuwa nayo mdomoni.

"Niliandika Busia," nikasema. "Nilikufichia. Kwa hivyo hayo wanayosema hayakutoka kwangu. Hata kwenye kile kishikwambi hayamo."

Mikono yake ikasimama. Mimi, mjinga wa kupindukia, nilikuwa nangoja aniambie asante.

"Busia," akasema.

"Ndiyo."

"Na nilikuomba." Akachuma tena kidogo. "Basi hakuna mahali."

Hakusema zaidi. Alimaliza mstari wake wote, akamimina majani yake kwenye gunia langu maana siku hiyo ni yangu, akakataa chakula kwa adabu, akapanda kijia kurudi kwake. Tangu hapo hajaja shambani kwa mtu wala kumwita mtu. Baada ya miezi kadhaa wanawake walilegea, mong'ina mwenyewe akaenda kumwomba arudi. Alimshukuru, akamwambia ameshazoea kuchuma na wanawe. Sasa tuko kumi. Akinikuta njiani ananisalimu, "Habari ya shule, Mwalimu," na mimi najibu nzuri.

Mara nyingi nimetoka nyumbani nikiwa na nia ya kwenda kumwambia: imeandikwa, niliandika Burundi. Lakini siwezi kumpa hilo bila kumpa na lile la kituoni. Nikifika langoni naiona ile namba ya chaki juu ya mlango, imekingwa na paa, mvua haijaifuta, ni mwandiko wangu. Basi nageuka naelekea dukani, nanunua kiberiti. Nyumbani kwangu kuna viberiti vya kutosha kijiji kizima.

Matokeo ya sensa yalipotangazwa, redio ilisema hata kaunti yetu ina watu wachache waliozaliwa nje ya nchi. Mume wangu akacheka. "Nyamira? Ni nani hao?"

"Sijui," nikasema. Siku hiyo ndipo nilipokumbuka kiapo.

Mmoja wao ni yeye. Yumo katika ile hesabu, nilimwingiza kwa kidole changu mwenyewe, na nikamwambia hayumo.