Jiwe la Kengele ya Tatu

Kwingine kote watu wana kata, wana tarafa, wana mitaa. Sisi tuna kengele. Ukijaza fomu yoyote ya serikali huku kwetu, penye neno "Kata" unapiga mstari na kuandika juu yake: Kengele ya Tatu. Makarani wanaohamishiwa kwetu hucheka wiki ya kwanza. Wiki ya pili wanaandika wenyewe bila kuambiwa.

Jina lenyewe halina maajabu. Mkuu wa kwanza aliyeletwa kuigawa wilaya hii alifika hana ramani wala mnyororo wa kupimia. Vifaa vyake vilipotea njiani, na aliyeahidi kutuma vingine nadhani bado anavitafuta. Yule bwana akaenda kwenye karakana ya reli, akaomba vipande sita vya chuma, akavitundika juu ya vilima sita, kila kimoja na nyundo yake. Kisha akatangaza: kengele unayoisikia ukiwa mlangoni kwako, hiyo ndiyo yako. Hapo utaandikishwa, hapo utatibiwa, hapo utapeleka mashtaka yako. Wakubwa zake waliposoma taarifa hiyo walidhani anatania. Mpaka wanatambua kwamba hatanii, watu walikuwa wameshazoea.

Sasa, watu hujenga, miti hukatwa, na mahali palipokuwa kimya jana leo pana mlio. Mpaka wa namna hiyo unataka mtu wa kuuhakiki. Ndipo ikazaliwa kazi ya msikilizaji, na msikilizaji wetu kwa miaka ishirini na sita alikuwa baba yangu. Kwenye karatasi za ofisi aliandikwa tarishi, lakini hakuna aliyemwita tarishi. Walimwita Sikio. Mimi shuleni nilikuwa Binti Sikio, na nilishapigana mara mbili kwa ajili ya jina hilo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kengele inagongwa bila kukatizwa. Msikilizaji anaipa kisogo na kutembea kuelekea mbali nayo, peke yake. Karani wa mipaka anamfuata kwa nyuma, hatua mia moja, na daftari lake. Watu wote wanasimama kimya mbele ya nyumba zao. Msikilizaji haruhusiwi kugeuka wala kumjibu mtu; akigeuka, shughuli inaanza upya kutoka kilimani. Anapofika mahali ambapo haisikii tena, anasimama na kuinua mkono. Hapo ndipo jiwe linapochimbiwa.

Ukiitazama kwa makini utaona kasoro yake. Mtu anayeinua mkono anaaminiwa tu. Hakuna anayeweza kuingia ndani ya kichwa chake.

Baba alianza kuwa kiziwi nilipokuwa na miaka kumi na tisa. Najua kwa sababu mama alikuwa ameshafariki na tulibaki wawili mezani, mimi na yeye. Nikimwambia chumvi imekwisha, ananijibu kwamba kesho ataamka mapema. Redio ilipanda mpaka jirani akaja kubisha hodi, na hodi yenyewe baba hakuisikia. Alijifunza kutazama midomo. Alijifunza kucheka wengine wanapocheka. Ofisini alisifiwa kwa upole, kwamba Sikio siku hizi hana maneno mengi.

Mimi nilijua, na nilinyamaza. Sisemi hivi ili nionewe huruma. Tulikuwa tunakula kwa masikio yale, na nilijiambia kwamba mipaka haipimwi kila siku.

Ikapimwa. Mwaka huo watu wa Kengele ya Tatu walilalamika kwamba zahanati yao imefurika wagonjwa wasio wao, ofisi ikaamuru mpaka wa mashariki uhakikiwe. Nyumba ya mwisho upande ule ilikuwa ya shangazi yangu, dada pekee wa baba. Shangazi alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule tatu kwenye cherehani ya kukanyaga iliyokaa kibarazani, na ukipita pale ungesikia pedali kabla ya kumwona mwenyewe. Alikuwa na kisukari na kidonda kwenye kifundo cha mguu wa kulia, na kila baada ya siku mbili alikwenda zahanati kusafishwa. Zahanati ilikuwa mwendo wa dakika tano.

Siku ya kupima nilikuwepo. Nilisimama uani kwa shangazi, nikiwa na pini zake za kushonea mkononi. Kengele ilikuwa inalia, si kwa nguvu, lakini inalia, na mtu yeyote mwenye masikio angeapa hivyo. Baba akaja barabarani, mikono nyuma, macho mbele. Akalipita duka la mbao. Zilikuwa zimebaki kama hatua thelathini kufika getini kwa shangazi. Akasimama. Akainua mkono.

Watu wakatazamana. Shangazi akatupa kitambaa alichokuwa anakipima, akatoka mpaka kando ya barabara akiwa na sindano bado mdomoni. Akaitoa.

"Kaka! Bado inalia! Kaka, bado inalia, hatua chache tu!"

Alivunja ukimya ambao hakuna aliyewahi kuuvunja. Jua lilikuwa usoni mwa baba likimziba macho, na karani alikuwa ameshafika ubavuni kwake, akimwonyesha wachimbaji mahali. Baba aliangalia chini, jiwe linapoingia ardhini. Kisha akageuka na kurudi alikotoka. Nyumba ya shangazi ikawa ya Kengele ya Tano.

Kuna jambo linalonichoma kuliko jiwe lenyewe. Mwezi uliofuata ofisi ilimpa baba cheti. Cheti cha uadilifu, kwa kutompendelea hata dada wa tumbo moja aliyemlilia mbele za watu. Karani wa mipaka alisoma hotuba. Baba alisimama pale akitazama midomo ya karani, na karani alipofika kwenye neno "dada" niliona uso wake unamshuka. Ndiyo mara yake ya kwanza kujua kwamba shangazi alimwita.

Jioni hiyo nilimwandikia kwenye karatasi: Nenda kamwambie. Akaisoma, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Nikisema sisikii, kazi imekwisha," alisema. "Na mawe yote niliyoweka miaka hii watayang'oa. Kila mtu atanidai mpaka wake."

"Ni dada yako!"

"Najua ni nani."

Hakwenda. Shangazi naye hakuja tena kwetu. Aliyemuuliza, alimjibu kwa kifupi kwamba kaka yake alitia pamba masikioni ili apate karatasi ya kutundika ukutani. Zahanati ya Kengele ya Tano iko ng'ambo ya bonde, saa moja na nusu kwa mguu mzima. Kwa mguu wa shangazi ilikuwa nusu siku. Akaanza kwenda mara moja kwa wiki, halafu mara moja kwa wiki mbili, halafu akawa anajifunga mwenyewe kwa vipande vya sare. Mwaka wa tatu ule mguu ulikatwa chini ya goti. Nilipokwenda kumwona nilimkuta anazungusha gurudumu la cherehani kwa mkono wa kushoto huku anasukuma kitambaa kwa wa kulia. Aliniambia, "Wifi yangu, marehemu mama yako, angekuwepo, kaka asingenifanyia hivi." Nilitaka kumwambia. Badala yake nikamsaidia kukunja sketi za shule.

Miaka minane walikaa hivyo, nyumba mbili ambazo mtu anaweza kutembea kutoka moja hadi nyingine kabla chai haijapoa.

Kisha kidonda kikatokea kwenye mguu wa pili, na safari hii daktari wa hospitali kuu hakutaka kukata. Alinivuta pembeni akaniambia tumpe anachopenda. Nikarudi nyumbani, nikachukua chaki nikaandika mezani, herufi kubwa: SHANGAZI ANAKUFA. Baba akavaa shati lake la kazi, la mikono mirefu. Alikuwa ameshastaafu.

Wodi ilikuwa na vitanda kumi na viwili. Cha shangazi kilikuwa cha tatu kutoka mlangoni. Baba akainama, akadhani ananong'ona, lakini kiziwi hajui kunong'ona. Wodi nzima ilimsikia.

"Sikukusikia! Siku ile ya jiwe! Nilikuwa sisikii kitu, si kengele, si wewe! Nilihesabu hatua tu, nikakadiria!"

Muuguzi akasimama na sinia yake. Shangazi alimgeuzia kaka yake uso. Alipojibu, sauti yake ilikuwa ndogo, na midomo ilikuwa imemkauka, haikusomeka.

"Anasemaje?" baba akaniuliza.

Alikuwa amesema: "Mwambie angeniambia mapema. Ningesimama mbele yake nikampungia kitambaa, hakuna ambaye angejua. Siku ile nilikuwa na miguu yote miwili."

Nilishindwa. Nikampigia baba kelele sikioni, "Anasema hakujua."

"Midomo yake imesema mengi kuliko hayo."

Ikabidi nimpigie kelele yote, neno kwa neno, mbele ya wagonjwa kumi na mmoja na watu waliokuja kuwaona. Nilipofika kwenye miguu sauti ilinikatika, nikaanza tena. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Alivuta kiti, akakaa, akashika mkono wake.

Baada ya hapo alikuja kila siku, asubuhi mpaka muda wa wageni ulipokwisha, na mimi katikati yao nikawa mdomo wa mmoja na sikio la mwingine. Shangazi alikuwa anamtania. "Mwambie shati lake limeshonwa vibaya, nani kamshonea takataka hii?" Nikimfikishia, baba anacheka mpaka machozi yanatoka, na safari hii alikuwa anajua anachocheka. Niliwaonea uchungu kwa ile miaka minane kuliko walivyoonekana kuionea wenyewe. Lakini msamaha shangazi hakuutaja, na baba hakuuliza, ila kila shangazi alipofumbua mdomo yeye alinigeukia haraka, "Anasemaje?", nami nilimjibu kwamba anataka maji, au dirisha lifungwe.

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, muuguzi alinituma dirisha la dawa kuchukua chupa ya dripu. Foleni ilikuwa fupi. Sikukaa hata robo saa.

Niliporudi baba alikuwa amesimama, amemwinamia shangazi, kiganja nyuma ya sikio. Shangazi alikuwa ametulia. Nilipomgusa shavu nilijua.

"Amesema kitu," baba aliniambia. "Amenishika mkono, amenivuta, amesema kitu kirefu. Alisema nini?"

"Sikuwepo, baba."

Hakunisikia. Akamwendea mama wa kitanda cha pili, akamwuliza, naye alikuwa amelala. Akamwuliza wa kitanda cha nne, yule akatikisa kichwa, hakuwa amesikiliza. Akazunguka kitanda hadi kitanda, wodi nzima, akiuliza kwa sauti ile kubwa dada yake kasema nini, mpaka muuguzi akamshika bega.

Siku hizi hata nikimpigia kelele haisaidii, namwandikia. Bado ananiuliza, zaidi asubuhi, kabla hajanywa chai. Nami naandika yale yale: sikuwepo, baba. Anaisoma, anaigeuza karatasi kutazama kama kuna kitu upande wa pili, kisha ananirudishia.