Saini ya Tata waliyoitumia kutunyima maji

Wakuu, habari zenu. Mimi huwa nasoma tu humu na kuondoka kimya. Hata darasani nikiulizwa swali sauti hupotea. Lakini hii nimeiona kwa macho yangu, na naiandika vile ilikuwa.

Niko Form Three, nyumbani ni upande wa Nyamira. Tata, ndivyo tunaita baba kwetu, analima chai na ndizi na ni mzee wa kanisa la Kisabato. Mimi na mama ndio wa kuteka maji. Kisima kiko chini kabisa bondeni. Wakati wa mvua ukiteleza na mtungi, unarudi chini kuanza upya.

Mwaka jana tukaambiwa maji yatavutwa kwa pampu. Tata akaenda mkutano. Kila mtu aliandika jina, namba ya kitambulisho na saini kwa karatasi tupu, wakidhani ni ya mahudhurio tu, akapewa soda na mkate. Mkate alituletea nusu. Niliandika kwa diary, maana mimi huandika kila kitu, hata mkate.

Tangi likaja. Mafundi wakachimba mtaro kidogo, wakapotea.

Miezi ikapita, Tata akaenda ofisini kuuliza. Msimamizi wa mradi akamtolea faili: mradi umekamilika, wananchi wamekubali, saini hizi hapa. Ya tatu ilikuwa yake.

Ilikuwa ile karatasi ya soda. Juu yake wamebana nyingine iliyochapwa.

Kijijini maneno yakaanza, eti mzee wa kanisa ameuza maji kwa soda. Kuna jirani alimuuliza mama pale kisimani, "Kwani nyinyi mnateka nini huku, na yenu yalishakamilika?" Mama alijaza mtungi akapanda. Tata naye akaacha kusimama mbele kanisani. Hiyo ndiyo iliniuma.

Akaomba nakala. Leo mwenye ufunguo hayuko, kesho mashine imeharibika, siku nyingine akaambiwa aongee vizuri, yaani atoe kitu kidogo. Hakuongea vizuri. Alibeba ndizi zake za mchana akakaa kwa benchi mpaka wanafunga. Mara ya tano walichoka naye, wakampa.

Alinipa nimsomee kwa sababu miwani yake ilivunjika. Nikaona tarehe ya mkutano, nikakimbilia diary. Soda ilikuwa Alhamisi. Tarehe yao ilikuwa Jumamosi.

Kwa wasiojua kwetu: Jumamosi karibu kijiji chote kiko kanisani, na chakula kimepikwa tangu Ijumaa. Hakuna wa kutoka kwenda kusaini mradi.

Nilipomwambia, Tata alisema tutaipeleka kwa baraza la chifu. "Utasoma wewe," akasema.

Siku ya baraza ikafika. Msimamizi alikuwepo. Nikasoma diary: Alhamisi, soda, mkate. Mtu wa nyuma akasema mtoto aongeze sauti. Nikarudia yote, kwa nguvu.

Tata akainua karatasi. "Majina ni haya yetu, na tarehe wameandika Jumamosi. Aliyekosa kanisa siku hiyo asimame."

Hakuna aliyesimama. Kisha akainuka yule jirani wa kisimani. Kumbe naye jina lake lilikuwemo. "Mimi nilikuwa naongoza kwaya," akasema, "na sare nilikuwa nimevaa."

Msimamizi akasema ni makosa ya kuchapa. Watu walicheka, lakini siyo kwa furaha. Barua ya kukana kwamba mradi umekamilika ikaandikwa hapo hapo, na safari hii kila mtu alisoma kabla ya kusaini.

Pampu bado. Leo asubuhi nimeteka bondeni kama kawaida. Lakini Sabato iliyopita Tata alisimama mbele tena, na Jumatatu akarudi ofisini na ndizi zake. Benchi lilijaa. Walikuwa saba, yeye na majirani.

Nilichojifunza: karatasi isiyo na kichwa usiiwekee jina lako, hata kama soda ni baridi. Tata siku hizi huandika kando ya saini, "Nimehudhuria tu." Juzi aliandika hivyo hata kwa kitabu cha wageni cha harusi.

Kama kwenu mlifanyiwa hivi, baada ya chifu mlienda wapi? Andikeni hapa chini. Nitamsomea Tata yote, na nitasoma kwa sauti.