Maji kwenye Filta ya Dizeli

Gari lilizima kabla hatujafika barabara kuu. Lilitoka uani vizuri tu, likapita nyumba ya jirani, likakohoa kama mtu aliyepaliwa na ugoro, likanyamaza. Mama yangu, aliyekaa mbele na kikapu mapajani, aliendelea kutazama mbele kana kwamba Mlali ingemfuata pale pale alipo.

Alikuwa amekuja kwetu Nzuguni kumhudumia mke wangu aliyejifungua. Jana yake mtu wa kijijini kwao alileta habari: mvua ya kwanza imenyesha Mlali, ya kulowesha kabisa, na watu wako mashambani. Kwenye uwanda wetu mvua ya kwanza haimngoji mtu. Unapanda siku ile au kesho yake, la sivyo jua linarudi, udongo unafunga kama sakafu, na mvua ya pili inakuja inapojisikia. Mbegu ya mtama ya mama ilikuwa imening'inia juu ya meko nyumbani kwake, na hapakuwa na mtu mwingine wa kuishusha. Mwaka uliotangulia alichelewa kupanda, akavuna mabua.

Basi lilikuwa limeshaondoka alfajiri. Mimi ndiye niliyemzuia asilipande. "Mama, una mtoto mwenye gari," nilimwambia kwa sauti ya mwenye nyumba, "unakwenda kubanana na kuku ya nini?"

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Magari yaliyotumika yalikuwa yakimiminika kutoka Japani, nami nilijipatia pikapu ya dizeli iliyokuja na kitabu chake cha maelekezo, chote kwa Kijapani. Nilikiweka sebuleni karibu na tasnifu yangu ya chuo kikuu, iliyohusu uhaba wa maji katika uwanda wa kati. Vyote viwili vilikuwa havisomwi na mtu.

Tulilisukuma gari mpaka uani, mimi na majirani wawili waliofurahi kupita kiasi. Nilipofungua swichi, taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi: kipicha cha faneli na matone chini yake. Mke wangu akaja na mtoto kifuani na kile kitabu mkononi. Yeye ni muuguzi, amezoea kusoma michoro ya vitu visivyosema.

"Hii hapa," alisema. "Faneli hiyo hiyo, matone hayo hayo. Mshale unakwenda kwenye filta. Baba watoto, gari lako limekunywa maji."

"Maji? Dodoma hii?"

"Wewe si ndiye mtaalamu wa kutuambia hayapo."

Mama alikuwa bado amekaa ndani ya gari. Akashuka taratibu.

"Lile dumu," alisema.

Vituo vya mafuta wakati huo vilikuwa vimejaa dizeli, lakini mimi, kama wenzangu wote tuliokulia kwenye foleni, sikuamini kitu nisichokiona ndani ya nyumba yangu. Jana yake nilikuwa nimetafuta dumu la kuwekea akiba. Mama aliliona lina vumbi. Kwao hakuna anayemtilia mtu kitu kwenye chombo kisichosuuzwa. Ni aibu ya mama mwenye nyumba. Basi alichukua kata ya maji ya mgawo, yaliyotengwa kwa nepi za mjukuu, akalisuuza, akalipindua likauke. Jioni nikalijaza dizeli, na asubuhi ya safari nikaimimina yote kwenye tangi.

"Nililipindua mpaka likaacha kutoa tone," alisema.

Nililifuata dumu, nikalitikisa. Kwenye mpini wa dumu, ulio na uwazi ndani, kitu kilikuwa bado kinacheza.

Mama akaziba mdomo kwa kanga. Nilidhani analia. "Nimejifungia njia mwenyewe," alisema, akicheka mpaka machozi, kisha kicheko kikakatika, akatazama jua limefika wapi.

Nilipiga magoti. Mke wangu akaleta bilauri ya kioo, akisema anataka kuona kinachotoka, kama anavyofanya kazini. Nililegeza koki iliyo chini ya filta, nikabonyeza pampu ndogo ya mkono iliyo juu yake. Kilichotoka kilikuwa na ukungu, kama maji ya mchele. Tukaiweka bilauri juu ya tofali, juani.

Sikuwahi kuona kitu cha namna ile. Ukungu ulianza kujigawa wenyewe. Dizeli ilipanda juu, rangi ya asali changa. Maji yakashuka chini, meupe, na kati yao ukajichora mstari mwembamba unaong'aa, bila mkono wa mtu. Tone moja lililochelewa lilishuka likiviringika kama ushanga, likasita juu ya mstari, likazama. Wale majirani waliacha utani.

Mama alichuchumaa, uso karibu na kioo. "Yanajuana," alisema polepole. "Kila moja linakwenda kwao."

Nilikamua tena na tena mpaka ikatoka dizeli tupu, nikafunga koki, nikapampu mpaka pampu ikawa ngumu chini ya kiganja. Injini ilizunguka, ikagoma, ikazunguka, ikatoa moshi mweupe, ikashika. Nilipiga kelele nisizopaswa kupiga mbele ya mama yangu.

Njiani taa iliwaka mara nyingine, nikakamua kando ya barabara. Mama alikuwa akitazama mashamba ya wenzake, yaliyokwisha kupandwa.

Tulifika jua limeelemea. Hakuingia ndani. Alivua kandambili, akatembea mpaka katikati ya shamba, akachimba kwa kidole gumba cha mguu. Juu palikuwa pameshaanza kukauka na kupauka. Akainama, akaingiza mkono wote, akatoa udongo mweusi, akaufumbata. Alipofumbua kiganja, bonge halikuvunjika.

"Shusha mbegu," aliniambia. "Upesi, mwanangu."

Nilipowasha gari kurudi Nzuguni, alikuwa mbali kwenye matuta, ameinama, akitupia mbegu shimoni na kufukia kwa unyayo. Nilipiga honi kumuaga. Hakugeuka.